Umri wa Mbuke Mezani

Kila asubuhi, kabla uji haujaletwa, Sista Getruda alipita wodi ya wanawake akiwa na mashine ya presha, kipimajoto na penseli. Penseli ilikuwa ya kuandikia umri wa Bibi Mbuke. Mambo mengine kwenye kadi yake yaliandikwa kwa wino: jina, kijiji chake kule Majita, uvimbe uliokuwa tumboni. Umri ulifutwa na kuandikwa upya, kwa sababu Mbuke hakukaa na umri mmoja. Siku ambayo hakupata habari yoyote ya mwanawe Masatu aliamka na miaka themanini na ushee, macho yana ukungu, mapigo ya moyo yanarukaruka. Akiletewa salamu, aliamka na sitini. Na lori la Masatu likipita barabara ya nyuma ya hospitali na kupiga honi, meno ya mbele yalirudi, akaomba aletewe muhogo wa kuchoma.

Wodini hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alilalamika mara moja tu, kwamba asubuhi hajui atoe shikamoo au aulize habari za kulala. Sista Getruda akamshauri atoe shikamoo siku zote, maana shikamoo haijawahi kumuua mtu.

Aliyesumbuka ni Daktari Boniphace. Uvimbe ulikuwa umekua mpaka unamkaba Mbuke pumzi, na ungeweza kujisokota wakati wowote. Ilibidi utolewe. Lakini moyo wa miaka themanini ukilazwa kwa dawa ya usingizi unaweza kugoma kuamka, na mapafu ya umri huo yakilala chali hujaa maji. Daktari alifanya yote aliyofundishwa. Alimpa dawa za presha, akamlisha maini na mchicha kuongeza damu, akamfundisha kupuliza glavu mpaka ivimbe ili kifua kipate nguvu. Hayo yote kwa pamoja yalimpunguzia mwaka mmoja au miwili. Honi ya lori ilimpunguzia thelathini, ingawa ilirudi lori likishatoweka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, ila hawakuwahi kulazwa wodi moja na Mbuke.

Binti yake, Esta, alikuwepo muda wote. Aliolewa Bunda, akaacha watoto kwa mama mkwe wake na kuja kumuuguza mama. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akapika kwa jiko la mkaa nyuma ya wodi, akafua, akamgeuza mama asipate vidonda. Alipoingia wodini, umri wa Mbuke haukupanda wala kushuka. Daktari aliliona hilo. Esta naye aliliona, na lilimuuma. Siku nyingine aliingia polepole akiwa amebeba sahani, akiuangalia uso wa mama kabla mama hajamwona, halafu akauangalia tena baada ya kuonwa. Ulikuwa uso uleule.

Daktari alipomuuliza kama familia inakubali mama apasuliwe, Esta alisema si yeye wa kujibu.

"Mimi nimeolewa, Daktari. Ng'ombe za mahari yangu ndizo Masatu alioleaga. Mama ni wa kwa Masatu. Akisema akatwe, anakatwa."

Masatu alikuwa ananunua sangara mwaloni Mwigobero, mitumbwi inakoshushia samaki, na kuwapeleka kiwandani Mwanza kwenye lori la barafu. Hakuwa mtoto mbaya. Ulikuwa ule wakati ambapo mgonjwa alianza kuambiwa aje na glavu zake, nyuzi zake na spiriti yake, na Masatu alileta vyote kwa katoni, na juu yake blanketi zito, biskuti na redio. Alivipitisha kwa watu. Wenye kumbukumbu wodini walisema kwamba miaka ile ya foleni, sabuni ilipokuwa ya kupangiwa zamu na sukari ikawa hadithi, ndugu walijaa hapa mpaka sakafuni, mikono mitupu, wakisimulia na kucheka hadi walipofukuzwa. Sasa maduka ya mtaa wa Iringo yalikuwa yamefurika, na wodini vilikuja vitu bila watu.

Esta akaenda Mwigobero kwa miguu. Alimkuta kaka yake kwenye mizani, viatu vya mpira vimejaa magamba, sangara mmoja ana urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Akamweleza kwamba mama anazeeka kila siku asipomwona, na daktari hawezi kumpasua mzee.

"Nakupendaga dada yangu, na mama ndiyo usiseme," Masatu alisema. "Ila barafu hainaga mama. Nikichelewa Bunda tu, mzigo wote unaoza."

Esta alikaa juu ya kreti akamwambia hatoki hapo. Akakaa mpaka samaki wakaisha kupimwa. Masatu akasema atakuja Alhamisi, na Esta akarudi hospitali kutoa damu, kwa kuwa kundi lake na la mama lilikuwa moja.

Alhamisi Masatu alikuja kweli, amevaa shati la kanisani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipotokea tu mlangoni, ngozi ya mikono ya Mbuke ilijivuta ikatulia, mgongo ukanyooka, nywele zikawa nyeusi tangu kwenye utosi hadi shingoni. Akamkaripia kwa wembamba wake, akamfunga kifungo cha shati. Sista akafuta, akaandika thelathini na tisa. Daktari akasema ni sasa hivi. Masatu akasema mama akatwe. Mbuke akalazwa kwenye meza ya upasuaji, na Masatu wakamvisha gauni la kijani na kumkalisha kwenye kigoda upande wa kichwa, ashike mkono wa mama, asiuachie hata akiwashwa pua. Esta akabaki kwenye benchi nje, bado ana kizunguzungu, akijiambia kwamba leo mama atapona na yeye atarudi nyumbani.

Uvimbe ulikuwa umeshika utumbo, na kazi ikawa ndefu kuliko walivyotarajia. Daktari alikuwa ameingiza mikono yote miwili wakati honi ilipolia barabara ya nyuma. Ilikuwa honi ya lori la Masatu. Walioachiwa mzigo walikuwa wanamwita mwenye mzigo. Masatu alitazama dirisha. Honi ikalia tena. Akaulaza mkono wa mama juu ya shuka taratibu, akaomba radhi kwa wote waliokuwemo, akatoka. Alipompita Esta kwenye benchi alisema barafu inavuja.

Mle ndani nywele za Mbuke zilianza kuwa nyeupe kutokea chini ya kofia. Mashavu yakaingia ndani. Presha ikashuka, Sista akaisoma kwa sauti, ikashuka tena. Daktari hakuweza kurudisha tumbo lilivyokuwa na hakuweza kwenda haraka zaidi. Aliagiza mtu wa Mbuke aingizwe. Sista akasema aliyebaki ni binti tu. Daktari akasema aingie huyo.

Esta akakaa kwenye kigoda ambacho bado kilikuwa na joto la kaka yake. Akaushika mkono. Chupa ya damu yake ilikuwa inaning'inia juu, inadondoka tone kwa tone kwenye mshipa wa mama.

"Mama, ni Esta," alisema. "Niko hapa."

Sista akasoma presha. Ilikuwa imeshuka zaidi. Esta akarudia jina lake mara nyingine, karibu na sikio, kwa kuwa huenda mama hakusikia. Kucha za Mbuke zikawa za njano. Hapo Esta akajua kwamba ana dakika chache za kuamua anataka kipi, apendwe au awe na mama. Aliamua, na iliuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

"Mama, ni Masatu," alisema. "Sijaondoka. Barafu nimeiacha iyeyuke."

Presha ikapanda. Kucha zikarudi rangi yake. Daktari akaendelea na kazi bila kuinua kichwa, na kila umri ulipotaka kupanda, Esta alisema maneno aliyotamani kaka yake angeyasema: kwamba samaki si kitu, kwamba lori limeuzwa, kwamba atajenga kibanda Majita na jioni watakula sato pamoja. Mbuke alifungwa tumbo akiwa na miaka arobaini na moja.

Alipozinduka aliitangazia wodi nzima kwamba alikuwa anausikia mkono wa mwanawe tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume asikubali kukatwa. Jirani akaitikia. Esta akaitikia pia, akamfuta jasho. Masatu alipopitisha katoni nyingine ya maziwa ya unga, alitumiwa shukrani kwa kuwa hakuondoka, na mletaji akamfikishia kama alivyoambiwa.

Daktari Boniphace alikuwa mtu wa kujifunza. Kuanzia hapo kila bibi aliyeandaliwa kupasuliwa alipimwa moyo, mapafu na damu, halafu binti yake aliitwa pembeni na kuulizwa jina la kaka aliye mbali. Wengi walivuka salama. Hakuna aliyepeleka habari kwa akina kaka.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji ndizo za hatari kwa mzee, kwa hiyo Esta hakurudi Bunda. Kila Mbuke aliposinzia mchana na uso ukaanza kukunjamana, Sista alimpungia mkono, naye akaacha alichokuwa anafanya, akaja kushika mkono na kusema ni Masatu. Ilifanya kazi kila mara. Alizoea mpaka akawa hajisikii anasema uongo.

Alasiri moja alikuwa amekaa hivyo, mkono wa mama mkononi mwake, mama amefumba macho, hajalala sawasawa.

"Masatu," Mbuke alisema. "Dada yako yuko wapi? Siku nyingi simwoni."

Esta alimvutia mama shuka hadi kifuani. Halafu akasema Esta yuko Bunda, ana watoto na shamba la pamba, atakuja.

"Mwambie namkumbuka."

"Nitamwambia, mama."

Mbuke akavuta pumzi ndefu akalala. Pembeni ya sikio, katikati ya nywele zote nyeusi, unywele mmoja ukageuka mweupe. Esta aliuona ukigeuka tangu kwenye shina mpaka nchani. Alijua anatakiwa kusema kitu ili urudi mweusi. Hakusema. Aliinama akautazama, na alikuwa bado anautazama Sista Getruda alipokuja na dawa za jioni.