Udongo wa Danieli

Wivu wa Esta ulianza na neno moja, na neno lenyewe wala halikuwa tusi. Bibi Faustina alimwambia Ruwaida, "Mwanangu, niongezee chai." Basi. Chai ikamiminwa, watu wakanywa, na Esta akabaki na andazi mdomoni kama mtu aliyesahau namna ya kumeza.

Ili umwelewe, ijue kwanza nyumba hiyo ya Kihesa, Iringa mjini. Mle ndani hawakuwamo hata wawili wenye damu moja. Bibi Faustina, mkunga mstaafu, hakujaliwa mtoto. Mzee Muhidini, fundi cherehani, aliomba chumba cha miezi miwili. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Esta aliletwa ana miaka minane na shangazi aliyesema anafika sokoni mara moja. Soko hilo lazima liwe mbali, maana miaka thelathini imepita na shangazi bado anachagua nyanya. Utani huo Esta aliutunga mwenyewe, kabla wengine hawajapata nafasi. Ukichapwa na dunia mapema, unajifunza kuwahi kucheka.

Nyumba ilikuwa na sifa ya kufukua mambo ya kale. Mwenye picha ya babu asiyejulikana, mwenye barua isiyo na sahihi, mwenye kaburi lililopotea, wote walielekezwa kwa Bibi Faustina. Bibi alijua nani kamzaa nani, kwa kuwa nusu ya watu wa pale aliwapokea kwa mikono yake. Mzee Muhidini aliangalia mshono wa koti kwenye picha akakutajia mwaka. Esta alikuwa miguu na pua: anakwenda, anauliza, anarudi na jibu. Shukrani yao ilikuwa debe la viazi. Lakini kila ilipofika siku ya jibu, Bibi alimwambia mgeni, "Mwanangu atakueleza," na Esta akasimama. Kwa sentensi hiyo aliweza kuishi mwezi mzima bila mboga.

Sasa akaja huyu Ruwaida, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Mbeya, asiye na baba wala mama. Alikuja mwezi wa tatu kuulizia picha ya bibi yake, akapewa jibu, akasahau kuondoka. Alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mtu unayemwonea wivu angalau akusaidie kwa kuwa na kiburi kidogo.

Siku ya Jumapili akaingia Mzee Kalinga kutoka Kilolo, na mkewe Bertha, na mbuzi wa shukrani, ingawa jibu lenyewe bado. Baada ya kamwene, salamu ya Kihehe, na habari za mvua, akatoa picha iliyofifia. Vijana wawili wamesimama mbele ya hema, wameshika sururu moja. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya risasi: *Danieli na Jailos, Makongolosi, 1951.*

"Danieli ni baba yangu mkubwa," Kalinga alisema. "Aliondoka kwenda kwenye dhahabu Chunya, baba yangu akiwa kijana. Picha hii aliileta msafiri. Mwenyewe hakurudi. Hatujui hata yupi ni yupi hapo. Sasa mimi nimezeeka, mama. Nataka udongo wa kaburi lake tuuzike kwetu, naye awe amerudi. Jumamosi ukoo unakusanyika."

"Tutajaribu," Bibi alisema. "Esta na Ruwaida, nendeni wote wawili."

Mzee Muhidini akachinja yule mbuzi ili na yeye na Ruwaida waweze kula. Jikoni wakaingia Mama Bertha na Ruwaida, na kicheko chao kikawa kinatoka dirishani kama moshi. Esta aliitwa mara mbili akasaidie. Akajibu ana kazi, akaenda uani kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Jioni Ruwaida akamuuliza, "Dada Esta, tunasafiri lini?"

"Jumatano," Esta alisema.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ndani ya basi la Mbeya, peke yake, na roho yake ikiimba. Kule alilala, kesho yake akashika gari la Chunya mpaka Makongolosi. Aliuliza kwa wauza vyakula, akauliza kwa wasaga mawe, akaelekezwa kwa bibi mmoja aitwaye Andendekisye, ambaye baba yake alichimba na watu wa zamani.

"Danieli na Jailos?" Bibi Andendekisye alisema. "Walinibeba mabegani hao. Walikaa kwetu mpaka kufa kwao. Watoto hawakupata, wake hawakudumu, wakawa wetu tu. Danieli alikuwa mtu wa nyama. Akichinjwa mbuzi, usiguse moyo, moyo ni wa Danieli. Jailos yeye moyo hakuutia mdomoni, hata Krismasi. Tulimcheka sana."

Esta aliandika yote daftarini, maana alikuwa na mwandiko mzuri na alipenda Bibi auone. Wakaenda makaburini. Misalaba miwili ya saruji, imekaribiana kama watu wanaosengenya. DANIELI 1979. JAILOS 1982. Esta akapiga magoti kwenye ule wa Danieli, akaomba radhi, akajaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa cheupe.

Alhamisi jioni alilitua kopo lile mbele ya Bibi kama mtu anayetua taji. Ruwaida alimpokea mkoba, hakuuliza hata kidogo habari ya Jumatano. Esta akasoma daftari lote kwa sauti, na mabega, na makaburi, na hadithi ya moyo ili watu wacheke. Bibi alicheka. Mzee Muhidini alicheka. Ruwaida peke yake hakucheka, alikuwa anatazama kopo.

Dawa imeingia, Esta akawaza. Usiku huo alilala usingizi mtamu kuliko wote tangu mwezi wa tatu.

Ijumaa asubuhi wakawa wawili uani wanamenya viazi. Ruwaida alimenya kimoja muda mrefu mpaka kikabaki kama gololi.

"Dada, nikikuambia kitu hutakasirika?"

"Inategemea na kitu."

"Jumapili tulipokuwa tunapika, Mama Bertha alitoa moyo wa mbuzi akauweka pembeni. Akasema kwa akina mume wake moyo ni mwiko. Tangu mababu. Mtoto wao hata akifa njaa hauli. Ndiyo mwiko wa ukoo wao."

Esta aliendelea kumenya. Kisu kikapita, ganda likaanguka, kisha kisu kikasimama.

"Sijamwambia Mama," Ruwaida aliongeza. "Wala mtu yeyote. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Ukitaka kujua wivu umefika kiwango gani, mpe mwenye nao wema. Kama Ruwaida angemwumbua mbele ya watu, Esta angepata pa kushika. Angelia, angenuna, angeitwa na kubembelezwa. Sasa huyu amemwachia kila kitu mkononi, na bado kamwita Bibi "Mama" kwa ulaini ule. Na angekuwa jikoni siku ile badala ya kufagia vumbi lisilokuwepo, angeyasikia kwa masikio yake.

Akaingia ndani na simu, akampigia Bibi Andendekisye, akamuuliza kama majina yale yalikuwa yao kweli.

"Ah, hao," bibi alisema kwa raha. "Walibadilishana vipande, zile kadi za kazi zenye majina. Jailos aligombana na msimamizi akafukuzwa, akarudi kwa kipande cha mwenzake. Danieli naye akachukua cha Jailos, akaenda shimo la pili. Baadaye majina yakawaganda. Mpaka msalabani tuliandika yale tuliyozoea."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa na haraka."

Kwa hiyo mtu aliyefungwa kitambaa cheupe juu ya kabati alikuwa Jailos, asiye Kalinga wala jirani wa Kalinga. Na kesho asubuhi wenyewe wanamfuata.

Siku nzima Esta alilizunguka kabati lile. Udongo ni udongo, alijiambia. Kalinga ataridhika, ukoo utaimba, Bibi atasema ile sentensi. Ruwaida atanyamaza, ni wa kunyamaza yule. Na akinyamaza, kila siku akimpa Esta chumvi mezani, atakuwa anampa na siri. Wazo hilo likamkaba kuliko aibu yenyewe.

Jumamosi Mzee Kalinga alifika na suti, na mkewe na khanga mpya. "Shimo limeshachimbwa," alisema. "Wazee wanangoja. Mmempata?"

Bibi Faustina akanyoosha mkono. "Mwanangu atakueleza."

Esta na Ruwaida wakainua vichwa kwa pamoja. Bibi alikuwa anatazama katikati yao, kwenye ukuta, na mpaka leo hakuna anayejua alimkusudia nani. Ruwaida akainamisha macho. Nafasi ikabaki wazi, tamu, ya Esta peke yake.

"Huyu siye," Esta alisema. Akaligusa kopo. "Nimekuletea udongo wa Jailos." Akaeleza vipande, misalaba na mbuzi. Kisha akaitoa sehemu iliyobaki. "Mimi nilikwenda peke yangu. Ruwaida nilimdanganya siku, asije akanizidi. Na ndiye aliyegundua, tena akiwa amekaa hapahapa."

Mzee Muhidini alijishughulisha na uzi kwenye mkono wa shati lake. Bibi akamsogezea Esta kiti kwa mguu, akae. Esta akakaa.

Kalinga alilichukua kopo, akalipima kwa viganja. "Kwa hiyo huyu aliishi na baba mkubwa miaka mingapi?"

"Karibu thelathini," Esta alisema.

"Na kwao?"

"Bibi wa kule hakupajua. Alisema walikuwa wao tu."

Mama Bertha akasema taratibu, "Mume wangu, huyu amebeba jina letu mpaka msalabani. Utamrudisha umwambie nini?"

Kalinga alifikiri, kisha akalirudisha kopo mezani kwa mikono miwili. "Nitapiga simu wazee wangoje wiki moja. Shimo litaongezwa upana. Mleteni na mwenzake." Akawageukia wale wanawake wawili kwa zamu. "Ila nani anakwenda?"

"Wote wawili," Bibi Faustina alisema.

Wageni walipotoka, Ruwaida alianza kukusanya vikombe. Esta alimwangalia anavyovipanga, kwa unadhifu wa kuudhi, vikubwa chini na vidogo juu, na wivu ukamchoma pale pale ulipozoea. Haukupungua hata chembe. Akasimama, akachukua sinia upande wa pili.

"Dada," Ruwaida alisema bila kumtazama, "basi ni siku gani?"

"Jumanne."

Ruwaida akasimama na vikombe vyake, anangoja.

"Jumanne kweli," Esta alisema. "Saa kumi na mbili. Nitakugongea mlango."