Mkwe na Chupa ya Vifaranga

Mama mkwe wa fundi vyuma alikuwa amefanya kazi wodini miaka thelathini, na hakuna mgonjwa aliyewahi kukataa chakula mbele yake akashinda. Sasa alikuja kumsaidia mkwewe nyumbani, maana binti yake alikuwa amelazwa, mimba ya miezi saba, amekatazwa hata kuinuka kitandani. Mimba tatu za mwanzo zilikuwa zimetoka.

Sebuleni palikuwa na tangi la kioo la huyo binti, lenye samaki wa manjano wa ziwani, binamu wa sato, wadogo lakini wenye maringo ya mabibi harusi. Mbegu ile aliachiwa na marehemu baba yake. Alibaki jike mmoja tu, dume alikuwa amekufa juma lililotangulia, na jike huyo alikuwa na mayai mdomoni. Ndivyo wanavyolea hawa: mama hubeba mayai kinywani, huyaangulia humo humo, na siku ishirini na kitu hali chochote. Mkewe alimwambia fundi kwenye simu, bila kucheka, "Yule akimaliza salama, na mimi nitamaliza." Fundi si mtu wa ushirikina, lakini tangu siku hiyo alichungulia tangi kabla ya kunawa uso.

Kosa lake lilikuwa moja. Alimwambia mama mkwe asimsumbue yule samaki, lakini hakumwambia kwa nini. Kukaa na mama mkwe mkizungumza habari za mimba na mayai, aliona haya.

Siku ya kumi na tatu ya mayai kuwa mdomoni, fundi alirudi mchana akamkuta jikoni, miwani puani, kijiko cha chai mkononi, bakuli la maji mbele yake.

"Samaki wenu ana matumbwitumbwi, baba," alisema. "Taya limevimba, wiki nzima hali. Nimemfungua mdomo nimlishe, akatapika hivi vidudu. Nimemrudisha kwenye tangi."

Bakulini walilala vifaranga kumi na tisa, kila mmoja macho na mkia tu juu ya tumbo la kiini cha yai, hata kuogelea hawajui. Fundi angekuwa mtu mwingine angemfokea mpaka majirani waje, lakini mkwe hafokewi. Alikaa sakafuni akamweleza yote, mayai, mimba, maneno ya kwenye simu, huku akitazama miguu ya meza.

Mama mkwe alivua miwani. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliona haya, mama."

Walijaribu kumrudishia jike kifaranga mmoja. Alimpokea, akamtafuna, akammeza. Wakabaki kumi na wanane, na mama yao akajificha nyuma ya jiwe.

Fundi alikata chupa ya plastiki, akatia maji ya tangi na mpira wa pampu ya hewa, mapovu yawageuze polepole kama mama anavyowageuza mdomoni, wasioze. Waligeuka vizuri kwa saa moja. Kisha umeme ukakatika, mapovu yakakoma, na vifaranga wakalala chini wamerundikana. Hapo fundi alikata tamaa kabisa, akafunika uso kwa mikono yenye masizi.

Mama mkwe alichukua chupa akaiinamisha kulia, akaiinamisha kushoto. Vifaranga wakabingirika. "Siku ngapi mpaka waogelee?"

"Saba. Labda nane."

Akavuta kigoda.

Kesho yake umeme haukuwa umerudi. Fundi alimpokea chupa alfajiri, akanyang'anywa jua lilipochomoza. Walioharibika waligeuka weupe, mama mkwe akawatoa kwa kijiko kile kile cha chai. Walibaki tisa. Mchana simu ikalia.

"Bado amewabeba?" mkewe aliuliza.

Fundi alitazama dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa na chupa kati ya viganja, kulia, kushoto, midomo ikihesabu. "Wamebebwa," alijibu.

"Na mama anakula? Nakujua wewe, usije ukamwachia ukoko."

Alipokata simu alipakua wali, akausogeza karibu na kigoda. Sahani ya jana ilikuwa bado pale, imefunikwa, haijaguswa.

"Mama, kula kidogo. Nipe mimi niishike."

Mama mkwe hakuinua macho. Aliiinamisha chupa kulia, akaiinamisha kushoto.

"Nitakula wakiogelea," alisema.