Rangi Tatu za Gari Moja

Jana nilipiga ile gari picha ikatoka pinki. Leo nimepiga, imetoka nyeusi. Na gari yenyewe imesimama tu mbele yangu, maroon, ule wekundu uliokolea, haijasonga hata kidogo.

Hapa ni yadi ya magari ya Mama Ciru, huku Kawangware. Mimi hutoka mtaa wa Lindi, si mbali, kila asubuhi kuja kuosha magari anayouza. Msichana aliyekuwa anapiga picha za kuweka WhatsApp aliolewa akaenda, Mama Ciru akanipa simu ya yadi.

"Nafuna, jaribu wewe. Picha zikileta watu, hiyo kazi ni yako. Zikinifukuzia watu, unarudi kwa kitambaa, naita Valerie wa dada yangu."

Vidole vyangu vilikuwa vimepasuka na sabuni. Niliitaka hiyo kazi.

Shida ilikuwa jua. Yadi haina mti, na ukuta wa upande ule ni mabati mapya. Ambrose, yule tunaosha naye, alikuwa na jibu moja kwa kila kitu: "Haijang'aa." Kwetu gari ya kuuzwa hupigwa polishi mpaka uone meno yako. Basi kila nikiharibu picha, Ambrose anaongeza polishi, na jua linazidi kuwaka kwa boneti utadhani kuna mtu anachomelea vyuma hapo.

"Sasa je?" akauliza.

"Imekuwa mbaya zaidi."

"Basi ni macho yako, mrembo. Gari iko poa."

Nikigusa tairi kwenye kioo cha simu, kila kitu kinakuwa cheupe na gari inabaki pinki kama pipi iliyolambwa. Nikigusa mabati, giza linaingia, gari inakuwa nyeusi. Nikaona afadhali nyeusi, angalau ina heshima. Nikaiweka WhatsApp, kando ya ile pinki ya jana.

Haikukaa sana, mteja mmoja, Bwana Wanzala wa mtaa wa Olympic, akapiga simu. "Madam, hii gari jana ilikuwa pinki. Leo ni nyeusi. Namba ni ileile. Iligongwa mkaipaka rangi?"

"Haijagongwa. Ni maroon."

"Yaani sasa ni rangi tatu?"

Hata mimi sikuwa na uhakika tena. Niligeuka nikaiangalia gari upya.

"Nakuja kujionea," akasema. "Nikipata imepakwa, Olympic yote itajua."

Mama Ciru alikuwa amesikia.

Nikachuchumaa mbele ya gari na simu. Nilivyoona mimi, simu inajali tu pale kidole kimegusa. Cheusi inakiangaza, cheupe inakizima. Je, nikigusa kitu kisicho cheusi wala cheupe? Nikagusa mchanga wa yadi kwenye kioo. Gari ikarudi maroon, vile macho yanaiona. Nikadhani ni bahati, nikagusa tena, nikapiga. Maroon. Sikuelewa. Nauza gari, na simu inataka niangalie mchanga.

Wanzala akafika. Alizunguka gari akigonga milango kwa kidole, akavuta mipira ya mlango kutafuta rangi ya zamani. Ilikuwa maroon mpaka ndani.

"Ngoja nimtumie mama watoto picha," akasema, akatoa simu yake, akapiga. Akaangalia picha. Akaangalia gari. Akapangusa kamera kwa shati, akapiga tena. "Aki ya Mungu, nyeusi. Na sijaona mtu akiipaka rangi."

"Niongeze polishi?" Ambrose akauliza.

"Wewe wacha," nikamwambia. "Bwana Wanzala, gusa mchanga hapo kwa kioo."

"Kwani mnauza mchanga?"

"Gusa tu."

Akagusa. Akacheka peke yake, akatuma. Jibu la mkewe likaja kwa sauti, sote tukasikia: "Baba Kageha, hiyo ni maroon. Si ulinionyesha nyeusi? Mimi nilipenda ile nyeusi."

Akajikuna kichwa, akatushukuru vizuri, akaenda zake.

Mama Ciru akanyoosha mkono. Nikampa simu, nikaanza kutafuta kitambaa changu kwa macho. Akafuta ile ya pinki, akafuta ile ya nyeusi, akanirudishia simu.

"Weka ile ya mchanga peke yake."

"Lakini huyu amekataa."

"Amekataa rangi. Hakusema tumemdanganya macho."

"Na wakikataa wote?"

"Wakatae wakiwa kwao, wasije kunizungukia gari hapa bure. Endelea na ile ingine."

Ile ingine ilikuwa Probox nyeupe. Sikujua kama nimepita ama nimeanguka, lakini simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikasimama pale pale, nikagusa mchanga nikiwa na imani kabisa. Kwenye picha boneti ikapotea kwa weupe, taa mbili zikabaki zinaelea hewani.