Gunia Alilolikalia Avelina

Kitu cha kwanza alichokiona Avelina ni kwamba Mzee Pancras hakuwa akiwatazama usoni. Salamu zao aliziitikia vizuri tu, marahaba, marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye magunia.

Na kweli yalikuwa magunia ya kutazamwa. Meupe, mapya, yameandikwa kwa kijani VUNA TUGAWANE. Kijana mwenzao, Amri, aliyafuata Nyakahura siku ya gulio kwa toyo lake, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Miaka yote shirika lao lilibeba chakula kwenye viroba vya mbolea vilivyooshwa, na aliyekuwa akiviosha ni Avelina. Sasa wamepata magunia yenye jina! Basi asubuhi ile kila mmoja alijitupia la kwake begani, wakapanda kilima cha Ntobeye wakichekacheka kama watu wanaokwenda kupiga picha.

Aliyezungumza ni Mama Leonsia, muuza vitenge, ambaye ndiye aliyelianzisha shirika hilo.

"Mzee wetu, upepo wa juzi umekuangushia migomba mingi. Ndizi zimekomaa, na wewe na mama hamtaweza kuzimaliza. Sisi tunakusanya kile kilichomzidi mwenye shamba, tunawapelekea wakimbizi pale kituoni. Wamevuka mpaka na watoto mgongoni, na tangu wafike ni ugali na maharage makavu. Tunaomba tukuvunie."

"Ndizi zangu zitaoza hapa hapa," alisema Mzee Pancras. "Zioze zikiwa zangu."

"Lakini mzee wangu..."

"Nendeni salama. Na magunia yenu mazuri."

Njiani kurudi, kwenye toyo walilokuwa wameliacha chini ya kilima, Amri hakunyamaza. Alikuwa mtoto wa wenye duka wa Biharamulo mjini, watu ambao babu zao walitoka pwani, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Yule mzee hata kikohozi chake hagawi. Akikohoa, anakimeza."

Walicheka wote, isipokuwa Mama Leonsia. Yeye alikuwa ameshawaahidi akina mama wa kituoni kwamba Ijumaa sufuria zitajaa ndizi. Mmoja wao, mwenye mtoto mchanga, alimwambia kwamba huota harufu ya ndizi usiku, akiamka analia. Na mashamba mengine yote yaliyopigwa na upepo, tangu kule Mbuba, yalikuwa yameshavunwa. Zilizobaki ni za Mzee Pancras, nazo zimelala chini. Zikianza kuiva tu, habari imekwisha.

Avelina, aliyekaa nyuma ya toyo, alijua kilichomuudhi mzee. Kwao, anayekwenda kuomba chakula haonyeshi chombo. Kikapu anakiacha nje ya ua, au anakikunja chini ya nguo, mpaka mwenye shamba aseme ndiyo. Ukitangulia na chombo, umeshamwamulia mwenye mali. Hilo kila mtu pale alifundishwa na mama yake. Furaha ya magunia ndiyo iliyowasahaulisha.

Alitaka kusema. Neno lilipanda mpaka kooni, likageuza, likarudi. Maneno yake yalikuwa na tabia hiyo. Alipokuwa darasa la tano mama yake aliugua, naye akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Mama alipopona, hakuna aliyemwambia arudi shule, na yeye hakuuliza. Mambo yakawa yamekwisha hivyo, bila mtu kuyamaliza.

Kesho yake asubuhi aliondoka peke yake. Alichukua gunia moja, akalikunja likawa dogo kama leso, akalisokomeza chini ya kitenge alichojifunga.

Mzee Pancras alikuwa shambani akihangaika kuegemeza mti kwenye mgomba uliopinda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si yule wa magunia?"

"Ndiyo, babu."

"Leo mmekuja wangapi?"

"Niko peke yangu. Nimekuja kusalimia."

"Basi salimia huku umeshika mti huu."

Avelina akashika. Walitoka mgomba huu wakaenda ule, yeye akiinua, mzee akiegemeza na kulaumu. Alilaumu upepo, alimlaumu mkwe wake, akailaumu na kwaya ya kanisani kwamba inaimba haraka kama inawahi basi. Avelina alisema "ndiyo, babu" na "pole, babu", basi. Jua lilipoanza kuchoma, mke wa mzee, Mama Deodata, aliwaita uani kunywa chai na viazi vitamu. Avelina aliketi chini taratibu sana, akakikusanya kitenge chake vizuri.

"Haya, sema sasa," alisema mzee.

"Niseme nini, babu?"

"Mtu hashiki miti asubuhi nzima kwa sababu ya salamu. Mimi nimezeeka tu, sijawa mjinga."

"Mwache mtoto ale," alisema Mama Deodata.

"Ale huku anasema. Mdomo ni huo huo."

Avelina aliweka kikombe chini. "Naomba ndizi, babu. Si za kwangu. Kituoni kuna mama ana mtoto mchanga, anaota harufu ya ndizi. Akiamka hazipo."

Mzee Pancras alitafuna kiazi chake polepole. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akifurahia kuombwa.

"Jana walikuja wamefungua midomo ya magunia," alisema. "Nikajiona kama marehemu anayegawiwa urithi, na huku bado napumua! Wewe angalau umekuja mikono mitupu." Akamtazama. "Lakini hebu niambie, nikikubali, utazibebea nini?"

Avelina aliinamisha kichwa. "Nimelikalia, babu."

Mama Deodata alicheka mpaka chai ikamwagika. "Amelikalia! Pancras, huyu amefundwa!"

"Inuka tulione," alisema mzee, naye midomo ikimcheza. Akalishika lile gunia, akalisoma jina lake kwa sauti, akalirudisha. "Mwambie mama yako wa vitenge aje na watu. Toyo liingie mpaka uani. Magunia yafichwe mpaka nikate mkungu wa kwanza kwa mkono wangu. Baada ya hapo, mkitaka mpeperushe kama bendera."

Walikuja mchana ule ule. Amri alikuwa ameyajaza magunia yote ndani ya shati, tumbo limetangulia mbele, uso wake mkavu kama hakuna kitu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Una miezi mingapi?"

"Nakaribia kujifungua, babu. Kata mkungu upesi."

Mama Leonsia aliomba radhi kwa magoti, kisha akajicheka mwenyewe. "Mama yangu alinifundisha haya kabla sijajua kufunga kitenge, na mimi nikaja gunia nimelitupia begani!" Mzee akakata wa kwanza, wengine wakaingia shambani, na toyo liliposhuka kilima lilikuwa limezama kwenye ndizi, Amri anaonekana kichwa tu.

Ijumaa, jiko la kituoni lilijaa watu kuliko harusi. Akina mama walimenya huku wakiimba nyimbo za kwao, na yule mwenye mtoto mchanga alichukua ndizi mbichi, akainusa, akamnusisha na mwanawe, akacheka. Avelina alimenya nao mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

Mama Leonsia akaja kuketi karibu naye.

"Wewe!" alisema. "Umewaombea watu hawa wote. Lakini tangu tuwe pamoja, mimi hujaniomba hata chumvi. Haya, omba na wewe. Gunia letu leo ni tupu. Sema tulijaze nini."

Avelina alitazama vidole vyake. Nje ya uzio wanafunzi walikuwa wakitoka shule, wakipiga kelele, wakirushiana kiatu cha mtu. Neno likapanda mpaka kooni. Likataka kugeuza.

"Nataka kurudi kusoma, mama," alisema. "Nataka nimalize la saba."