Gololi ya Mama

Kwetu kura ni gololi. Unapewa moja, unaingia nyuma ya pazia, unaitumbukiza kwenye pipa la mtu wako, na ndani ya pipa kengele inalia. Ikilia mara mbili, wewe mwizi. Kengele ya baiskeli inalia vilevile, ndiyo maana siku ya uchaguzi baiskeli ni marufuku karibu na kituo, na kila mjinga analijua hilo. Mjinga aliyelisahau ni mimi, Fansu, muuza mkate.

Mama aliingoja siku ile miaka mitano, tangu kaka yangu Yankuba alipochukuliwa kwa kumtania Rais sokoni. Hatukupewa hata kaburi. Macho ya Mama yalikuwa yameingia ukungu, nikamfundisha kupapasa: mapipa ni mawili, la Rais kushoto, la mpinzani kulia.

"Nikushike mkono, Mama?"

"Mkono wa nini? Nilikuzaa bila kushikwa mkono."

Asubuhi hiyo jirani alinishikia nafasi kwenye foleni, nyuma ya Mama. Nilichelewa. Nikapita mbio na baiskeli nyuma ya shule tulikopigia kura, mbuzi akakatiza, kidole kikaenda chenyewe kwenye kengele: kring! Polisi akanitukana mpaka bibi zangu. Nikaiacha baiskeli pale pale, nikakimbilia foleni. Mama alikuwa anatoka, uso unamng'aa.

"Nimeisikia!" alininong'oneza. "Hata nikifa leo, Yankuba hatasema nilinyamaza."

Nikaingia. Chini ya pipa la kulia, mchangani, kulikuwa na gololi.

Nikainama, nikaiokota. Ilikuwa imemponyoka Mama pembeni mwa tundu la pipa, na kengele aliyoisikia ilikuwa ya baiskeli yangu. Sasa nilikuwa na gololi mbili, na nje karani Wandifa ametega sikio. Nikitia zote, kengele italia mara mbili, nitakamatwa. Nikatia moja upande wa kulia. Nyingine nikampelekea karani.

"Nimeikuta chini."

"Ya nani?"

"Mtu atajuaje? Gololi haina jina."

Akaifunga kwenye bahasha, akaandika: haihesabiwi.

Jioni mapipa yalifunguliwa mbele ya kijiji kizima. La Rais lilijaza sinia baada ya sinia, watu wakapiga makofi haraka haraka, kila mmoja akimtazama mwenzake anapiga vipi. Nikajua ni woga, maana wengi wao walilia nasi siku ile ya Yankuba. Kisha Wandifa akalipindua la kulia. Ikadondoka gololi moja.

Nilirudi nyumbani na Mama. Alifunga mlango, akaketi kitandani.

"Moja," alisema. "Kijiji kizima, moja! Hiyo ni yangu, niliisikia kwa masikio yangu." Akacheka, machozi yanamtoka. Kisha kicheko kikakatika. "Na yako, Fansu?"

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni: Mama, yako ilianguka, ni mimi niliyekuponza. Lakini nilimwona jinsi alivyokaa, mgongo wima, kwa mara ya kwanza katika miaka ile mitano.

"Niliogopa, Mama," nikasema.

Alifuta machozi.

"Yankuba alikuwa ndugu yako."

"Najua, Mama."

Akanigeuzia mgongo, akatazama ukuta.