Shauri la Maua Marefu Ukutani

Usiku wa kuamkia leo niliota jembe limevaa viatu vya mama mkwe wangu. Lilikuwa limekaa barazani kwetu, limekunja nne, linasubiri chai. Jembe lina mpini mmoja tu, sasa nne liliikunjaje mimi sijui.

Nieleze kwanza nililalaje, msije mkadhani nilikula kitu kibaya. Nililala nimefura.

Mwaka jana Sista Adelgunda, yule anayetunza bustani ya misheni, alinipa mbegu kwenye kipande cha gazeti. Mbegu bapa, kama vifungo vya shati. Akasema maua yake yanaitwa holihoki, yanasimama mpaka yanampita mtu mzima, na yanachanua kuanzia chini kwenda juu, mekundu, meupe, mengine meusi kama zambarau iliyoiva. Nikayapanda kwenye ukuta wa jiko. Sista alinionya mapema: mwaka wa kwanza ni majani tu, ua ni mwaka wa pili. Na mimi nikawaeleza watu wa nyumbani vilevile nilivyoelezwa.

Walisikia? Mama mkwe wangu, Mama Osmundi, kila akipita pale anacheka. "Maua marefu gani haya, yanapitwa na kabichi!" Mume wangu Osmundi naye anacheka kwa sababu mama yake amecheka. Na hii nyumba yote, migomba aliipanda baba mkwe, kahawa ni ya Osmundi, hata sufuria zilichaguliwa na wifi yangu Kanisia. Kile kipande cha ukuta ndicho kitu pekee nilichokichagua mimi.

Jana jioni Kanisia kaja na karai la miche ya chainizi. Mama akasema, "Kesho asubuhi tung'oe hayo majani, tupande mboga. Au unasemaje, Edeltruda?"

Nikasema, "Sawa, mama."

Ndiyo nilichosema. Nikaenda kulala nimeuma meno mpaka taya zinauma.

Sasa jembe.

"Chai ina sukari?" linaniuliza.

"Ina sukari. Umefuata nini hapa?"

"Kazi. Nimeitwa kung'oa majani ya ukutani."

"Nani kakuita?"

"Wewe."

Nikahisi damu inanipanda. "Mimi? Mimi niliyeyapanda kwa mikono yangu, nikuite uje uyang'oe?"

"Ulisema sawa. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia. Ulisema taratibu, kwa adabu, na mimi nikapendezwa."

"Nilisema kwa heshima tu!"

Jembe linapuliza chai. "Dada, mimi ni jembe. Heshima siifahamu. Sawa naifahamu."

Naliacha na kikombe chake, nakwenda nyuma ya jiko kuyaonya maua. Ukutani nakuta jua limekaa kwenye kigoda, limefungua vifungo vya shati, uso umechoka kabisa.

"Shikamoo, jua."

"Marahaba. Nimeambiwa haya maua yanataka jua kutwa. Basi nimekaa kutwa. Hata kula sijala. Ng'ambo ya mlima watu wamewasha vibatari, wanadhani nimekufa."

"Pole."

"Pole haijazi tumbo," linasema jua, na linageukia ukuta.

Maua yangu yalikuwa yamekunja majani kifuani, kama watu waliosusa. Mkubwa wao ni mche wa pembeni, ule ulioliwa na konokono. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya wale wamama wanaoimba sauti ya pili kwenye kwaya.

"Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuwaonya."

"Kutuonya!" Mche ukatikisika wote. "Jembe liko barazani kwako linakunywa chai, tena ya sukari, halafu unakuja kutuonya sisi! Tufanye nini? Tukimbie? Kwa miguu ipi?"

Nataka kujibu, lakini hapo si nyuma ya jiko tena. Ni uwanja wa chama cha kahawa, na ukuta umekuja nasi, na maua yake. Mama mkwe amekaa juu ya mzani wa kupimia magunia, peku, maana viatu viko kwa jembe. Kanisia amesimama karibu naye, karai kichwani, na miche ya chainizi inachungulia ukingoni.

"Sisi hatuchelewi!" miche inajisifu. "Tukipandwa tu, mara tumechumwa, mara tumekatwakatwa, mara tumeliwa!"

"Sikieni," unasema mche wa pembeni. "Wanajisifu kuliwa."

Mama mkwe anainama kumnong'oneza Kanisia jambo. Kabla maneno hayajafika sikioni, upepo unapita katikati yao. "Samahani," unasema, "nimeambiwa kwenye maua haya lazima niwe na nafasi ya kupita." Wananong'ona tena, upepo unapita tena. "Samahani, mama. Samahani, dada." Unaondoka na minong'ono yote, unaipeleka bondeni, na sisi tunaisikia huko chini inavyomsema mkamwana wa watu kwamba ni mvivu.

Mvivu! Mimi ninayeamka kabla ya kuku!

Mama mkwe akaona mambo yameharibika. "Basi tusigombane," akasema. "Tuyahamishie nyuma ya choo."

Maua yote yakavuta pumzi kwa mpigo. Hata jua likageuka.

"Kuhamishwa?" ukasema mche wa pembeni. "Mzizi wetu hauhamishwi. Edeltruda, teremka ukauone, urudi uwaambie."

Nikauliza nateremkia wapi. Mche ukanyanyua jani moja, na chini yake kulikuwa na ngazi.

Nateremka. Napita udongo mwekundu, napita udongo mweusi, napita mahali panaponuka mvua ya zamani. Chini kabisa naukuta mzizi, umejifunga kanga kiunoni, jasho linauchuruzika. Unalima ngolo. Zile ngolo zetu za mlimani, unalaza nyasi mistari mistari, unazifukia kwa udongo mpaka yanabaki mashimo katikati, nyasi zinaoza, udongo unashiba, ndipo unapata chakula. Mimi nimelima ngolo tangu nina akili. Nikaiona kazi yake, ilikuwa safi.

"Pole na kazi, mzizi."

"Nishapoa."

"Huko juu wanasema hamfanyi kitu. Mwaka mzima majani tu."

Mzizi ukasimamisha jembe lake dogo. "Anasema nani? Mama Osmundi? Mwanamke anayejua ngolo kuliko wote huku milimani! Akishafukia nyasi zake, kuna mtu anakuja kumwuliza mbona nyasi hazizai maharage?"

"Hakuna."

"Sasa ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Mimi ni mvumilivu. Ninangoja mwaka wa pili."

"Na mimi ninangoja," ukasema mzizi. "Lakini ninangoja nikilima. Wewe umengoja ukifanya nini?"

Hiyo ilinichoma. Kusemwa na mama mkwe nimezoea, kusemwa na wifi nimezoea, leo nisemwe na mzizi! Kitu ambacho hata jua hakijawahi kuliona! Nikafungua mdomo niupe maneno yake, na mdomoni nikakuta mmejaa "sawa" tupu. Sawa ngumu, za duara, kama kokoto za mtoni. Nikatema moja. Nikatema nyingine. Sawa ya sufuria. Sawa ya kuamka nikachote maji na homa yangu. Sawa ya jana jioni, hiyo ilikuwa bado ya moto. Zikaviringika mpaka ngoloni, na mzizi ukazifukia pamoja na nyasi.

Napanda ngazi, mdomo mwepesi, ulimi unacheza.

Juu nakuta jembe limeshamaliza chai. Limesimama mbele ya maua na viatu vyake vya kuazima, makali yamenyanyuka.

"Naomba neno," linasema. "Bila neno mimi sishuki."

"Mwambie, Edeltruda," anasema mama mkwe.

"Huyu atasema nini?" anadakia Kanisia. "Huyu ni sawa-mama tu."

Jua linanitazama. Upepo umesimama. Miche ya chainizi imetoa vichwa vyote nje ya karai.

"Hayang'olewi," nasema.

Lilitoka neno dogo, jamani, hata mimi niliona ni dogo. Lakini likaangukia kwenye mzani wa kahawa pembeni ya mama mkwe, na mshale ukazunguka mpaka ukagonga mwisho na kupinda.

Jembe likavua viatu. Likavipangusa, likamrudishia mama kwa mikono miwili, ingawa mikono halina. "Samahani kwa usumbufu," likaniambia. "Chai ilikuwa nzuri." Likaenda zake njia ya kanisani.

Mama mkwe akawaka. "Yaani mimi nikae na majani mwaka mwingine? Mimi?"

"Hutakaa nayo," ukasema mche wa pembeni. "Utasimama nayo."

Tumesharudi nyuma ya jiko. Sijui nani kachimba, sijui saa ngapi. Mama mkwe amesimama ukutani katikati ya maua yangu, udongo umemfika vifundoni, umeshindiliwa vizuri.

"We Edeltruda! Unanitazama tu?"

"Hapana, mama. Nafuata kopo."

Narudi na kopo la maji. Mama analiona, anafunika kichwa kwa mikono. "Usithubutu kunimwagia kichwani!"

"Kichwani hatumwagii, mama. Majani yakilowa yanashika ugonjwa wa kutu."

"Kutu? Mimi ni bati?"

"Tunamwagia chini, mama. Pole pole, mpaka mzizi usikie."

Nammwagia. Amenuna, ametazama pembeni, kidevu juu. Maji yanazama. Nammwagia tena. Naona uso wake unabadilika, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

"We," ananiita kwa sauti ya chini. "Huku chini kuna mtu analima ngolo."

"Ndiyo, mama."

"Anafukia vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Ni mtoto wa nani huyo?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jogoo akawika, na nikawa kitandani nimekodoa macho, Osmundi anakoroma ubavuni pangu.

Nje nilisikia sauti ya Kanisia. Nikajifunga kanga nikatoka. Baridi ya Julai ilikuwa kali, pumzi inaonekana. Wifi alikuwa ameshafika ukutani, karai chini, jembe mkononi. Jembe la kawaida, halina viatu.

"Mwenye shamba kaamka!" akasema. "Njoo ushike majani, mimi nipige."

Ndotoni neno lile lilikuwa jepesi. Asubuhi halikuwa jepesi hata kidogo. Nikasogea mpaka nikasimama kati ya wifi na ukuta.

"Hayang'olewi, wifi."

"Nini?"

"Hayang'olewi. Nimeyapanda mimi, nimeyamwagia mimi, na yamebakiza kidogo. Mtu asiyaguse."

"Heee! Makubwa!" Kanisia akaachia jembe, akashika kiuno. "Mama! Unamsikia mke wa mwanao? Huyu leo kanywa nini?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko. Hakumtazama yeye, wala mimi. Alikuwa anatazama miguu yake.

Mvua huku iliacha zamani, na uwanja wetu wote ni vumbi, ukitembea linakuandama. Lakini miguu ya mama mkwe ilikuwa na tope bichi, jeusi, linalong'aa, limemfunika mpaka vifundoni na kuishia sawasawa pande zote, kama kavaa soksi.

"Mama," Kanisia akasema, sauti imeshuka, "ulikwenda wapi na miguu hiyo?"

"Sijatoka kitandani."

"Sasa hilo tope?"

Mama akavikunja vidole vya miguu, akavikunjua.

"Hiyo miche kaipande kwako," akasema.

"Mama!"

"Kwako, Kanisia. Kwani jiko lako halina ukuta?"

Kisha akainyoosha miguu yote miwili mbele yangu, uso akaupeleka upande wa migomba nisiuone.

"Na wewe usinisimamie hapo," akasema. "Leta kopo la maji. Pole pole, na ni miguuni tu."