Karatasi Zisizo na Kazi

Karani wa ofisi ya maji alileta mihuri miwili ndani ya mkebe wa biskuti. Fundi wa mihuri aliipindua, akaikagua mmoja mmoja. Ule wa IMEKATALIWA ulikuwa umelika hadi ukabaki fizi tupu. Wa IMEKUBALIWA mpira wake ungali mpya, ila sponji lake la wino limekauka kama mkate wa juzi.

"Huu mnautumia lini?"

"Dada, wewe tia wino. Maswali yana foleni yake."

Fundi alivuta chupa ya spiriti. Mwenye haja ofisini hujifunza kumeza maneno. Barua ya mama yake ya kuomba kuvutiwa maji iliingia mle yeye akiwa bado anasukwa nywele magotini pa mama huyo. Goti lenyewe sasa limevimba, na bado linapanda kilima na ndoo. Wakuu walikuja na ahadi za kesho kutwa, wakaondoka na matumbo yaliyoshiba. Fundi hakumsahau hata mmoja.

Alifuta mpira kwa spiriti, akachokoa uchafu wa kwenye herufi kwa mswaki mkuukuu, kisha akadondosha wino kwenye sponji, tone kwa tone, akaliacha linywe.

"Wa kukataa umekufa, lazima nichonge mpira mpya. Njoo kesho kutwa. Huu umeshiba, utavuja. Anza kuugonga kwenye karatasi zisizo na kazi mpaka utulie."

Alasiri karani alirudi mbio, tai begani, vidole bluu.

"Dada, dawa ya kufuta wino unayo?"

"Umegonga wapi tena?"

"Si ulisema karatasi zisizo na kazi? Nikachukua za droo ya chini. Maombi ya zamani yale, hakuna anayeyasoma. Nikagonga, nikagonga, unakolea huo! Mara mkuu huyu hapa."

Mkono wa fundi ulikuwa juu ya chupa ya spiriti. Aliuacha hapohapo.

"Hii ni ya mpira. Kwenye karatasi itasambaza wino tu, na ukisugua utatoboa. Mwambie mkuu umekosea."

"Nimemwambia. Anasema akiandika ni makosa, makao makuu watauliza zilifuata nini droo ya chini." Karani alishusha pumzi. "Kasema bora wachimbe mitaro ya mabomba."

Fundi alikohoa kidogo. "Ya mama yangu imo? Mjane wa kule juu kilimani."

"Yule wa kila Jumatatu na mwavuli? Ndiyo niliyoanza nayo! Imevuja, lakini inasomeka."

Jioni mama aliitua ndoo, akasikiliza habari hadi mwisho.

"Kwa hiyo wamesoma shida zangu?"

"Wamegonga tu, mama."

"Haya. Muhuri haunyweki, mwanangu. Tusubiri sululu."

Sululu zilianza kulia asubuhi, chini kabisa ya kilima, zikipanda polepole. Fundi alizisikia akiwa mezani pake. Mpira wa IMEKATALIWA alikuwa hajaugusa. Kesho kutwa, kama ofisi ile ilivyomfundisha, ni ndefu.